Wape watu kitu kidogo cha kununua kwanza

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wenzako wote hapo chumba cha habari. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee hawa ndugu zetu wanaotengeneza vitu mtandaoni, waandishi, walimu wa video, wanamuziki, wachoraji, watu wa podikasti, maana kila siku nasikia kilio kilekile kwamba wana wafuasi kibao, laiki haziishi, komenti za kusifia zimejaa, ila ikifika kulipa hakuna mtu. Na wengi wameshahitimisha kabisa kwamba watu wa siku hizi hawataki kulipia kazi ya akili, wanataka vya bure tu. Mi hilo nalipinga. Nafanya kazi ya kuwasaidia watu wa aina hii kuandaa na kuuza vitu vyao, na ninachokiona ni kwamba watu wengi hawajakataa kulipa, ila hawajawahi kuwekewa mbele kitu cha kulipia kinacholingana na jinsi wanavyokufahamu.

Ingia kwenye ukurasa wa yeyote kati ya hawa wanaolalamika uangalie anauza nini. Utakuta video za bure mia kidogo, posti za bure, masomo ya bure, alafu ukishuka chini kabisa unakuta kozi nzima ya miezi sita, au uanachama wa mwaka mzima unaolipwa wote kwa mara moja. Katikati hapo pako tupu. Yani mtu aliyeanza kukufuatilia juzi, ambaye bado hajui kama ahadi zako unazitimiza, hajui faili litafika au utapotea na hela yake, unamtaka aruke kutoka sifuri mpaka mwaka mzima, na asiporuka unamwita bahili. Jamani, mtu gani anafanya hivo na hela yake?

Kuna jaribio moja la watafiti Kristina Shampanier, Nina Mazar na Dan Ariely, lilichapishwa 2007, ambalo mi nadhani kila anayeuza kitu mtandaoni angelijua. Waliweka chokoleti za aina mbili, moja nzuri ya Lindt kwa senti 15 za Marekani na nyingine ya kawaida, Hershey's Kiss, kwa senti 1. Watu waliokuja kununua asilimia 73 wakachukua ile nzuri, wakaona tofauti ya bei ni halali yake. Alafu wakapunguza senti moja moja kila upande, nzuri ikawa 14 na ya kawaida ikawa bure. Tofauti ya bei ni ileile senti 14, hakuna kilichobadilika kwenye hesabu, lakini sasa asilimia 69 wakakimbilia ile ya bure. Senti moja tu imeondoka na watu wamegeuka wote!

Hapo ndo penye kiini cha ninachotaka kusema. Shimo kubwa kuliko yote kwenye biashara hii liko kati ya bure na senti ya kwanza, mashimo mengine yote yanayofuata, kutoka hela kidogo kwenda hela ya kati, kutoka ya kati kwenda kubwa, ni madogo ukilinganisha na hilo. Mtu aliyekupa hata kiasi kidogo kabisa ameshavuka, na mtu aliyekupa laiki elfu moja bado yuko ng'ambo ile. Kwa hiyo kama unataka kujenga kundi la watu wanaolipa, kazi yako ya kwanza ni kuwavusha watu hapo kwa kitu chepesi, kisichowafunga, mtu ananunua mara moja anaondoka zake akitaka, hakuna kujaza fomu ndefu, hakuna kuahidi kwamba mwezi ujao atalipa tena.

Na wewe Mhariri ukiniambia hii ni mbinu mpya ya mtandaoni nitakukatalia, kwa sababu imetoka kwenye kazi yako mwenyewe. Marekani kabla ya 1833 magazeti mengi ya New York yaliuzwa senti 6, na msomaji hasa alikuwa mtu aliyejiandikisha na kulipa ya mwaka, maana yake msomaji alikuwa mfanyabiashara au mwenye cheo. Septemba 1833 kijana mmoja mchapaji, Benjamin Day, akatoa gazeti lake la The Sun kwa senti 1, likauzwa nakala mojamoja mitaani na watoto wa kupiga kelele. Fundi seremala, mpagazi, mtumishi wa ndani, watu ambao hawakuwahi kufikiria kujiandikisha gazeti maishani mwao, wakawa wanatoa senti moja leo, kesho wakitaka wanatoa tena, wasipotaka hawatoi na hakuna anayewadai. Ndani ya miaka miwili hivi likawa linatoka nakala zaidi ya 15,000 kwa siku. Ni kweli matangazo ndo yaliyobeba gharama kubwa, senti moja peke yake isingetosha, hilo nalisema wazi, ila hao wenye matangazo walifuata nini? Walifuata umati wa watu walioonyesha kwa senti yao kwamba wanalitaka lile gazeti.

Kitu kilekile kikaja kutokea kwenye vitabu, Uingereza 1935, Allen Lane alipotoa vitabu vya Penguin vya jalada laini kwa peni 6, bei ya pakiti ya sigara. Wauza vitabu wengi walimwona anaharibu soko, wanasema nani atanunua kitabu cha bei kamili sasa. Kilichotokea ni kwamba watu ambao hawakuwa wanunuzi wa vitabu kabisa wakawa wanunuzi wa vitabu. Muziki nao hivohivo, Apple walipofungua duka la iTunes Aprili 2003 wimbo mmoja ulikuwa senti 99, huna haja ya kununua albamu nzima, na hii ilikuwa kipindi ambacho kila mtu anadaunlodi bure na makampuni ya muziki yanasema kizazi hiki hakitalipa tena. Wiki ya kwanza nyimbo milioni 1 zikanunuliwa. Walewale waliosemwa hawalipi.

Sasa kwa nini kitu kidogo kinamgeuza mtu? Wapo wanaosema ni bei tu, ukiweka chini watu wananunua, basi. Mi naona kuna zaidi ya hapo. Mwaka 1966 Jonathan Freedman na Scott Fraser wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa utafiti ambapo wenye nyumba waliombwa waweke bango kubwa baya uwanjani kwao la kuhimiza udereva wa uangalifu. Walioombwa moja kwa moja, waliokubali hawakufika hata mmoja kati ya watano. Lakini wengine walikuwa wametangulia kuombwa jambo dogo, kubandika kikaratasi kidogo cha ujumbe uleule, na hao walipokuja kuombwa bango kubwa asilimia 76 wakakubali. Haikuwa habari ya hela pale, na mtu asije akachukua asilimia hizo akadhani ndo zitakazotokea kwenye mauzo yake. Ila jambo lenyewe nalitambua kila siku kazini. Mtu akishafanya kitendo kidogo, anaanza kujiona kwa namna nyingine, jana alikuwa mpita njia anayeangalia, leo ni mtu anayenunua kazi za fulani, na anapokuja kuulizwa swali la pili anajibu kama huyo mtu mpya.

Alafu kuna upande ambao hauna saikolojia yoyote na ndo watu wanausahau kabisa. Mara ya kwanza kumlipa mtu usiyemjua ni kazi. Unatafuta kadi iko wapi au unaandika namba ya kulipia kwenye simu, unaikagua mara mbili, unaogopa jina litakalotokea siyo lenyewe, unabonyeza, unakaa unasubiri uone kama kitu kinakuja. Kikija ndani ya dakika, kikafunguka vizuri kwenye simu yako, kikawa ndicho ulichoahidiwa, basi maswali kama kumi hivi yamejibiwa kwa mpigo bila muuzaji kusema neno. Mara ya pili hayo yote hayapo. Yani ile hela ndogo imenunua kitu kwa mteja, lakini kwa muuzaji imenunua imani, na imani hiyo hata ungeposti mwaka mzima usingeipata kwa maneno matupu.

Nitoe mfano wa dada mmoja ninayefanya naye kazi, anafundisha ushonaji kwa video. Anajua kazi yake kwelikweli, mikono yake ukiiangalia inavyoingiza zipu iliyofichwa unajua huyu ni fundi. Alikuwa na kozi moja kubwa, kuanzia kushika mkasi mpaka kushona koti lenye bitana, na video fupi za bure nyingi. Kozi ilikuwa inanunuliwa na watu wachache sana, na hao wachache wengi walikuwa jamaa na marafiki. Tulipokaa tukasoma komenti na meseji za watu (na hili nalihimiza kwa kila mtu, soma komenti zako kabla hujaamua kuuza chochote) tukaona kuna swali moja linarudi na kurudi, watu wanakwama kwenye mkono wa gauni, ukiukata vibaya bega linavuta na nguo yote imeharibika. Hakuna aliyekuwa anauliza habari za koti lenye bitana.

Kwa hiyo akachora patani, yani mchoro wa kukatia kitambaa, ya mkono mmoja tu, kwa saizi zote, na video fupi ya kuonyesha namna ya kuupachika usivute. Faili moja, bei ndogo, unalipa unapata, kwisha. Hakuiita sehemu ya kwanza ya kozi. Hakukata kipande cha kozi kubwa akakiuza kikiwa hakijakamilika, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndo mahali wengi wanapoharibu.

Kitu kidogo lazima kiwe kizima. Mtu akinunua patani ya mkono, awe na mkono unaokaa vizuri begani siku hiyohiyo, hata kama hatanunua kitu kingine kwako mpaka anaingia kaburini. Ukimuuzia kitu ambacho kinamwacha njiani, kwamba ili umalizie inabidi ununue kile kikubwa, umemfundisha kwamba kwako ukilipa hupati. Na huyo hasemi, hakuandikii kulalamika, anaondoka kimya na hela yako ya mbele anaondoka nayo. Kionjo cha bure kinaruhusiwa kuishia njiani, kazi ya kionjo ni kuonjesha. Kilicholipiwa hapana, hata kiwe cha hela ndogo vipi, kimeshakuwa mali ya mtu.

Kile kidogo kitatue tatizo moja, tatizo ambalo mtu analo leo, na alione limekwisha leo au kesho. Siyo tatizo la maisha yake yote. Mchoraji auze mchoro mmoja wa kuweka kwenye simu au kuprinti, mwandishi auze hadithi moja fupi yenye mwanzo na mwisho, mwalimu wa hesabu auze somo la mada moja ile inayowafelisha wengi pamoja na mazoezi na majibu yake. Mwanamuziki auze wimbo mmoja pamoja na rekodi za mazoezi ambazo hazipo kwenye majukwaa ya kustrimu. Na kiwe na mkono wako ndani yake, mtu akimaliza aseme aa, huyu ndo anavyofundisha, huyu ndo anavyoandika, maana anachokuja kununua baadae ni wewe.

Huyo dada sasa hivi wanaonunua kozi yake kubwa wengi ni watu waliopitia patani ya mkono au nyingine ndogondogo alizoongeza, kola, mfuko wa pembeni, pindo. Hawawi wengi kama wafuasi wake, wala hawatakuwa. Ila anawajua kwa majina, anajua nani kanunua nini, anajua wa kumwandikia akiwa na kitu kipya, na akiwaandikia wanafungua.

Wapo watakaosema hela yenyewe ndogo hivo itamsaidia nini. Swali zuri, na jibu ni kwamba kile kidogo hakipo pale kwa ajili ya faida. Tuangalie vitabu vya kielektroniki. Tangu 2010 Amazon wanampa mwandishi anayejichapishia mwenyewe asilimia 70 kama kitabu kiko kati ya dola 2.99 na 9.99, kikiwa chini ya hapo anapata 35 tu. Kitabu cha senti 99 kinamwachia mwandishi senti 35 hivi, cha 2.99 kinamwachia kama dola 2. Bei imeongezeka mara tatu, anachoingiza kimeongezeka karibu mara sita. Sasa mwaka huohuo wa 2010 dada mmoja wa Minnesota, Amanda Hocking, ambaye wachapishaji walikuwa wamemkataa mara nyingi, alianza kuziweka riwaya zake mtandaoni mwenyewe, kitabu cha kwanza kwenye mfululizo anakiweka senti 99 na vinavyofuata 2.99. Kwenye kile cha kwanza alikuwa anapata senti za kuokota kabisa. Lakini kila msomaji aliyekimaliza akataka kujua kinachoendelea alikuwa tayari ana akaunti, tayari ameshamlipa mara moja, tayari anamjua. Aliuza zaidi ya nakala milioni 1, na 2011 mchapishaji mkubwa akaja mwenyewe kumpa mkataba wa mamilioni. Ila usiruke kwamba vile vya 2.99 vilikuwepo. Kama angekuwa na kile cha senti 99 peke yake, asingekuwa na cha kuwauzia wale waliovuka.

Na hilo ndo nalosisitiza kwa watu wanaoanza, usifungue dirisha la vitu vidogo kama huna kinachofuata. Si lazima kiwe kikubwa sana, kiwepo tu, na kiwe kinaendelea kutoka palepale kidogo kilipoishia.

Kuna makato pia. Makampuni ya kupitisha malipo ya kadi mara nyingi yanachukua asilimia fulani pamoja na kiasi kisichobadilika kwa kila muamala, Stripe kwa mfano Marekani bei yao ya kawaida ni asilimia 2.9 na senti 30 juu yake. Ukiuza kitu cha dola moja, karibu theluthi inaondoka hapohapo. Ukiuza cha dola kumi, inaondoka kama senti 59 tu. Kwa hiyo kidogo kina mwisho wake, ukishuka sana unamfanyia kazi mpitishaji malipo. Njia mojawapo ni kuunganisha vitu vitatu vidogo vikawa mzigo mmoja, bado mwepesi kwa mteja ila makato yanakatwa mara moja. Kila mtu aulize anakolipiwa makato yakoje kabla hajaandika bei, nashangaa ni wangapi hawaulizi.

Sasa nije kwenye hoja ngumu, maana najua kuna msomaji wako mwenye kumbukumbu atasema mbona hii ilijaribiwa kwenye magazeti ikafa. Kweli ilijaribiwa. Uholanzi kulikuwa na Blendle, ilifunguliwa 2014, unanunua makala mojamoja kutoka magazeti mbalimbali kwa senti chache za euro, na usiporidhika unarudishiwa hela yako. Watu waliipenda, hata The New York Times na kampuni ya Axel Springer ya Ujerumani wakaweka hela zao humo. Lakini 2019 Blendle wakatangaza wanaachana na kuuza makala mojamoja, wanahamia malipo ya mwezi. Na kabla hata ya hapo, 1999, mtaalamu wa kompyuta Nick Szabo alishaandika kwamba malipo madogomadogo yana gharama ambayo haionekani kwenye bei, nayo ni kichwa cha mnunuzi, kila mara anatakiwa kuamua kama hiki kinastahili au hakistahili, na hiyo kuamua kuamua inachosha kuliko hela yenyewe.

Nakubaliana naye kabisa. Ndo maana sisemi watu wauziwe kidogokidogo milele. Kumwambia mtu aamue upya kwa kila makala, kila siku, mwaka mzima, ni kumtesa, na atachoka arudi kwenye vya bure. Ninachosema ni kwamba kidogo ni cha kuvukia, anunue kimoja, viwili, vitatu, alafu umwambie ndugu, naona umependa hivi, kuna njia ya kuvipata vyote bila kulipialipia kila mara, unaonaje. Hapo kujiunga kwa mwezi kunakuwa ahueni kwake, unampunguzia kazi. Jambo lingine nalo naliona kwa Blendle, na haya ni maoni yangu, aliyenunua makala pale alikuwa mteja wa duka la Blendle, siyo wa lile gazeti. Mteja, anwani yake, mazoea yake, vyote vinabaki na mwenye duka. Ukitaka kidogo kikukuzie kundi lako, mnunuzi inabidi awe wako, uwe na namna ya kumwandikia kesho.

Na tusichanganye kitu kidogo na punguzo. Hawa wanaotangaza kila wiki ofa ofa ofa, kozi ya mwaka nusu bei mwisho leo usiku, alafu kesho inaendelea, wanawafundisha watu kwamba bei yao ya kweli ni ile ya nusu, na aliyenunua jana kwa bei kamili anajiona mjinga. Kile kikubwa kiache na bei yake. Tengeneza kingine kidogo kwa bei yake ndogo halali, ambayo haitapanda kesho wala kushuka.

Kuna mtego mmoja hapa Mhariri ambao unanikera sana na sitaki mtu asome barua hii akadhani ndo ninaousifia. Ni ule wa hela ndogo inayoficha hela kubwa. Unaambiwa lipia kidogo ujaribu siku saba, unalipa, alafu siku ya nane kadi yako inakatwa ya mwaka mzima, na ukitaka kujitoa kitufe hukioni, unaambiwa upige simu saa za kazi. Mchezo huu ni wa zamani, klabu za santuri za Marekani kama ile ya Columbia, iliyoanza 1955, zilikuja kujulikana kwa tangazo la santuri 12 kwa senti moja, na aliyeikubali senti moja alikuwa anajifunga kununua nyingine kwa bei kamili, kila mwezi anatumiwa asipowahi kusema hapana. Mpaka 1973 tume ya biashara ya huko ikatunga kanuni kuwalazimisha wauzaji wa mtindo huo waeleze masharti wazi na wampe mteja muda wa kukataa. Miaka hamsini baadae bado watu wanafanyiwa vilevile kwenye apu.

Huo ni wizi wa polepole, na ubaya wake hauishii kwa mwenye apu. Mtu aliyenaswa mara moja anaogopa kitufe cha kulipa kila mahali, anamwogopa na yule dada wa patani ambaye hana kosa. Sisi tunaouza kwa haki tunalipa deni la hao. Kwa hiyo anayeuza kitu kidogo aandike palepale chini ya bei, kwa herufi za kusomeka bila miwani, kwamba hii unalipa mara moja tu, hakuna kitakachokatwa tena. Sentensi hiyo moja nimeiona inaondoa wasiwasi kuliko ushuhuda wa wateja kumi.

Na ukishauza usimrukie mtu. Wengine akinunua tu kitu cha kwanza, kabla hajakifungua, meseji zinaanza, nunua na hiki, nunua na kile, ofa yako inaisha baada ya dakika 15. Muache atumie. Mwandikie baada ya siku chache umuulize kama mkono wa gauni umekaa. Akikujibu kuna tatizo, msaidie, hata kama hela aliyokupa haitoshi muda huo. Wanaonunua vikubwa baadae, kwa ninavyoona mimi, wengi ni wale waliowahi kusaidiwa kwenye kitu kidogo, na wao ndo wanaoleta wenzao.

Sasa ombi langu kwenu nyie wenyewe, maana gazeti lenu nalisoma miaka mingi na nataka lidumu. Toleo la karatasi nanunua siku ninayotaka, nikiwa sina nafasi naacha, hakuna anayenidai. Toleo la mtandaoni nikitaka kusoma habari moja nakutana na ukuta, jiunge kwa mwezi au kwa mwaka. Yani kile kilichowakuza, nakala moja kwa siku moja, mmekiacha kwenye karatasi hamkuhama nacho. Tuuzieni toleo la siku moja kwenye simu. Tuuzieni ile mifululizo ya uchunguzi mnayoifanya vizuri ikiwa imekusanywa sehemu zote pamoja kwa bei ndogo, kuna watu wanaitafuta wiki nzima wanaishia kuisoma kwa vipandevipande vya kuskrinshoti kwenye magrupu.

The New York Times walipoweka ukuta wao Machi 2011 waliacha makala 20 za bure kwa mwezi na wiki nne za kwanza wakaziuza senti 99 kwa wote waliotaka kujaribu, na wao walikuwa na jina tayari. Mwishoni mwa 2023 walikuwa wamepita wanaojiunga milioni 10. Sisemi ni zile senti 99 peke yake zilizowafikisha, walikuwa na michezo, mapishi na mengine mengi, ila mlango wa kuingilia waliuweka mwepesi. Nyie mkiuweka, tafadhali ile siku moja ikiisha iishe kweli, msiendelee kukata. Na mkiona namba ileile imenunua toleo la siku moja mara tatu nne ndani ya mwezi, huyo mtumieni meseji moja ya heshima, mwambieni mwezi mzima ungemtoka kiasi gani, alafu mwacheni aamue mwenyewe.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi